Aliyeshika Kichwa cha Ng'ombe

Machi 6, 1911. Jumatatu

Leo wamehasi madume zizini kwa Wazungu na sikusikia kitu. Nilikuwa mlangoni napepeta mahindi huku nimejiandaa, maana tangu niolewe huku Kikwe najua siku ya kuhasi inavyokuwa. Dume hulia mpaka kijiji kizima kikasikia, na Gidion hurudi na damu mikononi na hataki kuongea hadi kesho yake. Leo amerudi mapema, ananawa, anaimba.

Nikamuuliza kulikoni. Akasema mdogo wake bwana mwenye shamba, huyu Bwana Albrekti aliyefika kutoka Ulaya baada ya Krismasi, amekuja na dawa ya ganzi. Ni unga mweupe ndani ya vichupa vidogo. Unayeyushwa kwa maji yaliyochemshwa, unavutwa kwa sindano, dume anachomwa mahali panapohusika, wanangoja kidogo, halafu kisu kinapita na mwenyewe anacheua tu kana kwamba anayekatwa ni mwingine. Bwana Albrekti ameshamfundisha Gidion kuchoma. Mume wangu aliyasimulia hayo huku mikono yake ikionyesha kila kitu. Sijamwona hivyo tangu siku tuliyobatizwa.

Nilifurahi naye. Kisha akasema kazi iliyobaki ni kichwa tu, maana mnyama akishtuka wakati sindano imeingia, dawa inamwagika na sindano inaweza kuvunjika. Lakini hapo hakuna shida, akasema, Nashipae anajua kushika kichwa.

Nikauliza Nashipae ndiye nani. Akasema ni yule mjane Mwarusha anayekamua. Akaendelea kuimba.

Machi 8

Mvua ya kwanza. Nimepanda maharage upande wa migomba.

Machi 12, Jumapili

Tukitoka kanisani tulipita njia ya zizini, ingawa njia ya mtoni ni fupi. Gidion ndiye aliyeongoza. Nashipae alikuwepo, amesimama kati ya ng'ombe. Nilikuwa nimejitengenezea mwanamke mwingine kichwani, mnene, mwenye macho ya kuzunguka. Huyu ni mrefu, kichwa kimenyolewa, shanga za bluu shingoni, na ana utulivu fulani ambao sikuupenda. Gidion alimsalimu kwa Kimaa, lugha ya Waarusha. Akajibu, akaongeza neno, na mume wangu akacheka.

Mimi Kimaa nakisikia nusu nusu. Nilisikia neno la ng'ombe na neno la mvua. Kilichochekesha sikukisikia. Njiani nilimuuliza, akasema si kitu, ni habari ya dume mmoja mvivu. Kama si kitu, kwa nini alikuwa bado anatabasamu tulipofika kwenye mteremko?

Naandika kwa sababu naweza. Gidion anasoma herufi za kitabu. Za mkono zinamshinda.

Machi 15

Amemtaja tena tukiwa tunakula. Loshoro yangu, mahindi ya maziwa mgando, nimeiacha.

Machi 21

Mvua haikatiki. Mama mkwe alikuja kuota moto. Aliuliza habari za shamba, kisha akanyamaza kwa namna yake. Najua kinachofuata kunyamaza huko. Safari hii hakusema kwamba ni mwaka wa nne na hakuna mtoto. Alisema tu kwamba amemwona yule mjane anayefanya kazi na mwanawe, na kwamba ana mwili wa kuzaa.

Nilimpa uji. Nilitia maziwa mengi ili asiseme mimi ni mchoyo.

Machi 27, Jumatatu

Leo nilikwenda mwenyewe.

Asubuhi nilimwambia Gidion kama kazi ni kushika kichwa cha ng'ombe, hata mimi nina mikono. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kabla misheni haijajenga. Gidion alidhani natania. Nilifunga kitambaa, nikamfuata kwa nyuma, na alipogeuka na kuniona hakuweza kunirudisha mbele ya watu.

Nilisimama pembeni ya ua wa miiba nikatazama. Dume alikuwa amefungwa kwenye nguzo, lakini kamba ilikuwa imelegea, haivuti. Nashipae alisimama mbele yake, mkono mmoja chini ya taya, mwingine nyuma ya sikio, akaweka paji la uso wake kwenye paji la yule mnyama. Alikuwa anamwambia maneno, sauti ikitoka puani tu. Dume akashusha masikio. Nyuma, Gidion alikuwa amepiga goti kwenye tope na sindano mkononi, anangoja. Hakuwa anamtazama ng'ombe. Alikuwa anamtazama Nashipae. Nashipae akafumba macho kidogo, Gidion akachoma. Walijuana kama watu waliokaa nyumba moja miaka mingi.

Kama wangegusana ningejua la kufanya. Hawakugusana hata kidogo.

Halafu Gidion alipitisha kiganja chake kwenye paja la dume, taratibu, akingoja ganzi ishike, akibonyeza hapa na pale kuona kama anahisi. Nilikitazama kile kiganja. Mimi hajanishika hivyo. Mchana kweupe, mbele ya watu, nimemwonea wivu ng'ombe.

Nikasema dume anayefuata nitashika mimi. Bwana Albrekti alimtazama Gidion, Gidion akatazama chini. Nashipae alinipisha bila neno, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angekataa. Nikaweka mikono palepale alipokuwa anaweka yeye, nikaanza kuongea, lakini sauti yangu ilikuwa ya kumwonyesha mtu na siyo ya ng'ombe, na wao wanajua tofauti. Sindano ilipogusa, dume alirusha kichwa. Nilipaa. Niliangukia ua wa miiba kwa mkono wa kulia.

Nilipofumbua macho, mume wangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, mkono ameuinua juu, ameiokoa sindano. Ni hiyo moja tu shamba zima, najua. Aliyeniinua kwenye miiba ni Nashipae. Alichomoa miiba mmoja mmoja, akatema mate pembeni, akasema kwa Kiswahili chake, "Ulimshika kama unamfukuza."

Nilirudi nyumbani peke yangu.

Machi 28

Gidion anasema alidhani nimeanguka tu, hakujua kama nimeumia. Nimemwambia sijaumia.

Aprili 2, Jumapili

Mwiba mmoja ulibaki ndani ya kidole gumba. Nimejaribu kuutoa kwa sindano ya kushonea, umevunjika. Sikumwambia mtu. Sitaki huyo mwanamke aambiwe kwamba mke wa Gidion anauguza alichojitakia.

Aprili 6

Fahali anaumwa. Huyu wanamwita Prinsi, alikuja kwa meli hadi Tanga, akatembezwa kutoka reli inapoishia mpaka huku chini ya Meru kama bwana harusi, na ndama wote wazuri wa shamba hili ni wake. Ukwato wa mbele umeingia uchafu wa tope, umetunga usaha ndani. Hakanyagi. Bwana mkubwa mwenye shamba amekasirika na kila mtu anatembea kwa ncha za vidole.

Kidole changu nacho kimevimba. Tunalingana, mimi na Prinsi, ila kwake watu wanakwenda kumwona.

Aprili 9, Jumapili ya Mitende

Gidion na Nashipae wanaukanda ukwato wa fahali kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Anarudi amechoka, ananisimulia usaha umefika wapi, fahali amekula nini, Nashipae amegundua kwamba akikunwa nyuma ya pembe anatoa mguu mwenyewe. Nimekaa nimeficha mkono chini ya kanga. Ndani ya kidole kuna kitu kinapiga kama moyo wa pili. Nilikuwa nangoja aulize kwa nini nasonga ugali kwa mkono wa kushoto. Hakuuliza. Alisifu ugali.

Aprili 12

Sikulala. Mto Tengeru umejaa, wanasema daraja limekwenda.

Aprili 14, Ijumaa Kuu

Sikuweza kwenda kanisani. Nilipojaribu kusimama nilitapika. Gidion alinishika mkono ili nisianguke, na nilipiga yowe. Ndipo alipofunua kanga.

Sijawahi kumwona mtu akibadilika rangi namna ile. Kidole kimekuwa cheusi na kinang'aa, na mstari mwekundu umeanza kupanda kwenye kiganja. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alikaa chini sakafuni akasema, "Anyesi, kila siku nakanda mguu wa fahali, na wewe ulikuwa hapa."

Akaenda kwa Bwana Albrekti, akarudi ameloa. Bwana Albrekti amesema kidole kinatakiwa kupasuliwa hadi chini na haraka, na mtu wa kufanya hivyo ni daktari wa Arusha bomani. Lakini mto hauvukiki. Anaweza kunipasua yeye. Dawa ya ganzi ndiyo tatizo. Kimebaki kichupa kimoja, boksi jingine liko njiani kutoka pwani, na kaka yake ameshaamuru hicho kimoja ni cha Prinsi kesho. Pia anaogopa, hajawahi kumtilia mtu dawa aliyoipimia ng'ombe.

Kwa hiyo fahali atakatwa hasikii na mimi nitakatwa nasikia. Nimeandika sentensi hiyo kwa mkono wa kushoto na imenichukua muda mrefu.

Aprili 22, Jumamosi

Leo ndiyo siku ya kwanza naweza kukaa. Nataka kuandika mambo ya Jumamosi iliyopita yote, kwa mkono wa kushoto hivyohivyo, kabla sijaanza kuyapunguza.

Gidion alinibeba mgongoni mpaka zizini. Walikuwa wameshamfunga Prinsi chini ya paa, maji yanachemka, kisu kiko kwenye sahani, kile kichupa kiko juu ya kitambaa cheupe. Bwana mkubwa alikuwa amepanda kwenda kutazama kahawa upande wa mlima, alikuwepo mdogo wake tu. Gidion alinikalisha kwenye gogo. Bwana Albrekti aliniangalia kidole, akatikisa kichwa, akasema wataanza na fahali kisha watakuja kwangu. Alisema kwa upole. Akamwambia Nashipae ashike kichwa.

Nashipae hakusogea.

Bwana Albrekti alidhani hajaelewa, akarudia. Nashipae alikuwa ananitazama mimi, si usoni, mkononi. Akasema, "Mwanzo huyu."

"Dawa ya Prinsi. Kaka yangu amesema."

"Basi kaka yako aje amshike."

Akakaa chini kwenye nyasi kavu, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja mvua ipite. Gidion alikuwa amesimama katikati, na nilimwona mume wangu akiogopa kwa ajili ya kazi yake, na kwa ajili yangu, na kwa ajili ya yule mwanamke, vyote pamoja. Kisha na yeye akaweka chini sindano, juu ya kitambaa, karibu na kichupa.

Hakuna mtu mwingine shamba lile ambaye Prinsi anamkubali. Bwana Albrekti alijua. Aliuma mdomo, akatazama njia ya mlimani, akakifungua kichupa. Akasema ataigawa, kidogo kwangu, iliyobaki kwa fahali, na Mungu asaidie.

Gidion alitaka kunishika mwenyewe. Nashipae akamsogeza kando. Akaja nyuma yangu, akaweka mkono mmoja chini ya taya langu na mwingine nyuma ya sikio, akageuza uso wangu upande mwingine, akaanza kuongea ile sauti ya puani. Alinishika kama anavyomshika ng'ombe. Nilijua kabisa ni vilevile, na nilitaka kukasirika, lakini mwili wangu uliteremka wenyewe. Sindano ilichoma kwenye shina la kidole, upande huu na upande ule. Iliuma. Halafu kile kitu kilichokuwa kinapiga ndani kwa siku zote zile kikaanza kwenda mbali, kikapungua, kikanyamaza. Kidole kikawa si changu. Nilisikia kisu kama unavyosikia mtu anakata kamba chumba cha pili. Nililia wakati huo, si kwa maumivu. Nililia kwa sababu yalikuwa yameondoka.

Nikafungwa kitambaa, nikawekwa pembeni. Wakaenda kwa Prinsi.

Dawa haikutosha. Mwanzoni ilishika, Gidion alikata ukwato, usaha ukatoka mwingi, na Nashipae alikuwa amefumba macho kwenye paji la fahali. Lakini usaha ulikuwa na mfuko mwingine ndani zaidi. Kisu kilipofika huko, Prinsi alihisi. Hakulia. Alisukuma tu mbele, mzigo wote ule, na Nashipae alikuwa kati yake na nguzo.

Nilisikia mfupa.

Alipotolewa, bega lilikuwa limeshuka na mtulinga umetokeza chini ya ngozi. Kichupa kilikuwa kitupu. Bwana Albrekti alikigeuza juu chini kana kwamba kingebadilika. Ilibidi waurudishe mfupa mahali pake na kuufunga vilevile, kwa kuvuta, Bwana Albrekti akivuta mabega na Gidion akishika mkono. Nashipae aliangalia miti. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Hakutoa sauti.

Gidion ndiye aliyelia. Alilia waziwazi, machozi yakidondoka kwenye shanga za yule mwanamke.

Na mimi hapo kwenye gogo, nimetoka kupewa dawa aliyonipigania yeye, niliona wivu. Naliandika kwa sababu ni kweli. Mimi sikupiga kelele kwa kuwa sikuhisi. Yeye alihisi kila kitu na hakupiga kelele, na mume wangu aliiona tofauti hiyo.

Wakaulizana apelekwe wapi. Ndugu zake wako upande wa Sekei, ng'ambo ya mto. Banda lake linavuja. Nikasema aje kwetu. Nilisema kabla sijafikiri, na nilipofikiri nilikuwa nimeshachelewa.

Aprili 26

Analala kwenye kitanda cha mgeni, kwenye chumba cha mbele. Anakunywa maziwa tu na uji. Mkono wake wa kushoto umefungwa, wangu wa kulia umefungwa. Tunamenya ndizi pamoja, mimi nashika, yeye anakata. Hatuongei.

Mei 1

Mvua. Mvua. Mvua.

Mei 4

Nilikuwa mgombani nikawasikia wanacheka ndani, yeye na Gidion. Niliingia, wakanyamaza. Si kunyamaza kwa hatia, ni kunyamaza kwa adabu, na sijui kipi kibaya zaidi. Gidion akaeleza mara moja kwamba walikuwa wanazungumza habari ya Prinsi, amekanyaga leo, anatembea. Nilisema Mungu ashukuriwe. Niliweka kuni chini kwa nguvu zaidi kuliko zilivyostahili.

Mama mkwe alikuja jioni, akawaona wote wawili na mimi, akatabasamu.

Mei 9, Jumanne

Gidion alikuwa kazini. Tulikuwa tunachambua maharage. Nilikuwa nimelala na swali moja tangu Machi na leo lilitoka lenyewe.

"Unamtaka mume wangu?"

Nashipae aliendelea kuchambua mpaka akamaliza aliyoyashika kiganjani. Akasema, "Nilimtaka."

Nilidhani nikisikia hivyo nitampiga. Nilikaa tu.

Akaeleza polepole, akitafuta maneno. Mume wake alikufa kiangazi kilichopita, mtoto alitangulia. Ndugu za mume walichukua ng'ombe wote, na yeye akaja kwa Wazungu kwa kuwa huko kulikuwa na ng'ombe. Alizoea kuona madume wakiangushwa kwa kamba na kukatwa, alikuwa anaziba masikio kwa kinyesi chao. Halafu akaja Gidion na sindano, anapiga goti kwenye tope, anangoja mpaka mnyama awe tayari. Mwanamume anayengoja, alisema, hakuwa amemwona. Mwezi mzima alimtaka.

"Na sasa?" nikauliza.

"Yeye hakuniona. Anaona ng'ombe." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu. "Na wewe vilevile hakuona mkono wako, mpaka uliharibika. Sasa nimeacha. Kumtaka mtu wa namna hiyo ni kazi. Wewe kaa naye. Mimi niachie ng'ombe."

Nilicheka. Sikukusudia. Na yeye akacheka, akashika bega, maana kucheka kunamuuma, na kule kuuma kwake kukanifanya nisiweze kuacha.

Jioni nilimtazama Gidion akila. Ni kweli. Hajui hata kama leo nimesuka nywele.

Mei 20

Bwana mkubwa amesema basi. Alichelewa kujua jinsi dawa ilivyogawanywa, lakini amejua. Hakumfukuza Gidion kwa sababu Prinsi amepona. Aliyefukuzwa ni Nashipae, maana mkono mmoja haukamui. Na dawa ya ganzi anasema ni mchezo wa watoto wa shule. Ng'ombe wamekatwa tangu dunia iumbwe. Amesema boksi likifika lirudishwe, warudi kwenye kamba na wanaume wa kushika.

Gidion ameniambia haya akiwa amekaa hajavua hata koti. Mikono yake ilikuwa juu ya meza imelala kama vitu vya mtu mwingine. Nilipoona hivyo nilisahau yote niliyomwandikia humu. Nilitaka kwenda kwa yule Mzungu nimwonyeshe kidole changu.

Mei 24

Bwana Albrekti amebishana na kaka yake siku tatu. Amemwonyesha kwamba madume waliohasiwa kwa ganzi walikula jioni ileile na hakuna aliyekufa, na wa mwaka jana walikonda na wawili wakaoza. Bwana mkubwa amekubali jambo moja. Boksi likifika, atakuja mwenyewe kutazama siku moja. Akiona vurugu hata kidogo, amemaliza.

Nashipae anasema siku hiyo mtu wa kichwa lazima awe mzuri. Mkono wake haujapata nguvu. Gidion ametaja wanaume wawili wa zizini. Nashipae amewakataa wote. Akanitazama.

Nikasema mimi nilitupwa kwenye miiba.

"Ulikuwa na hasira," akasema. "Bado unayo?"

Nikamwambia kidogo. Akasema kidogo si mbaya, ng'ombe anavumilia kidogo.

Juni 2

Amenifundisha wiki nzima, kwenye ng'ombe wa maziwa wa jirani. Pumua anavyopumua. Usimtazame machoni, mtazame mashavu. Kidole chini ya taya kitafute mahali panapopiga, ukishapapata usiondoke. Nimejua sasa kwamba alipokuwa anafumba macho hakuwa anamwashiria mume wangu. Alikuwa anahesabu mapigo.

Juni 7, Jumatano

Mvua imekatika. Mlima umeonekana wote, mpaka kileleni, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Boksi lilifika juzi na leo ndiyo ilikuwa siku. Bwana mkubwa alikaa kwenye kiti walichomletea, fimbo magotini. Dume wa kwanza alikuwa mwekundu, mkubwa kuliko nilivyotaka. Nashipae alisimama nyuma yangu karibu sana, mkono wake mzuri mgongoni mwangu, na akawa ananiambia Kimaa masikioni, na mimi nikawa namwambia dume yaleyale kwa Kimeru, na sijui kama ni yaleyale. Niliweka paji langu kwenye paji lake. Lilikuwa la moto na lina harufu ya nyasi. Kidole changu, kile chenye kovu, hakihisi vizuri, kwa hiyo nilitumia cha pili, nikapata mahali panapopiga. Nikangoja. Taratibu pakapungua. Nikafumba macho.

Sikumwona Gidion akichoma. Nilihisi dume akitetemeka ngozi, kama anamfukuza nzi, basi. Tukangoja. Nikasikia kisu kwenye sahani kikichukuliwa, kikirudishwa. Dume alianza kucheua. Nililisikia taya lake likizunguka kwenye kiganja changu, na nikajua kwamba ameshakatwa.

Bwana mkubwa aliinuka, akazunguka, akainama, akatazama kila mahali alipoweza kutazama. Hakusema ni vizuri. Alimwuliza mdogo wake boksi moja linatosha madume wangapi. Kisha akauliza yule mwenye mkono mbovu atapona lini, maana huyu mwingine, yaani mimi, ana nyumba ya kutunza.

Nashipae alinibana mgongoni. Sikugeuka, maana nilikuwa bado nimeshika kichwa.

Tulipofungua dume na kumwachia, alitembea mpaka kwenye majani akaanza kula. Nashipae akaninong'oneza jambo kuhusu Bwana mkubwa na jinsi alivyoinama kutazama chini ya mnyama, jambo ambalo siwezi kuliandika hata humu, na nilicheka mpaka nikashika ua. Miiba ilinichoma tena, nikazidi kucheka. Naye akacheka, ameshika bega.

Gidion alikuwa ananawa kwenye ndoo. Alituangalia. Akauliza tunacheka nini. Nashipae akamjibu kwa Kimaa kwamba si kitu, ni habari ya dume mmoja mvivu, na mimi niliielewa yote.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Gidion alitembea nyuma yetu. Tulipofika kwenye mteremko aliuliza tena, na bado hakuambiwa. Nilimtazama usoni. Ule uso naujua vizuri, nimeuvaa masika yote.